Introspector ya Java: fundi anayejua maneno matatu tu

Nimekaa na Introspector karibu mwaka mzima, kazini, kwenye mfumo ambao watu wanautegemea kila siku. Kwa hiyo haya si maoni ya mtu aliyejaribu kitu jioni moja akaja mbio kukisifia. Nimemsifu na nimemlaani. Kuna usiku nilimtukana kwa sauti nikiwa peke yangu mbele ya kompyuta, kumbe kosa lilikuwa letu. (Namwita "yeye" kwa sababu baada ya mwaka mzima nashindwa kumwita "hiyo klasi".)

Kwa asiyemjua: ni klasi (kiolezo ambacho programu hutengenezea vitu vyake, yaani objekti) iliyomo ndani ya lugha ya programu ya Java yenyewe, kwenye pakeji ya java.beans. Unampa klasi yoyote, anaipekua kwa rifleksheni, yaani ule uwezo wa programu kujitazama yenyewe ikiwa inaendeshwa, halafu anakukabidhi orodha ya sifa za klasi hiyo. Kwa kila sifa unapata jina, aina, geta (methodi, yaani amri ya klasi, ya kuisoma) na seta (ya kuiandika). Hupakui maktaba yoyote ya ziada. Alikuja na JDK 1.1, toleo la Java la mwaka 1997, mwaka uleule zilipotoka kanuni za JavaBeans 1.01 ambazo ndizo anazozifuata mpaka leo. Kwa umri huo, kwenye fani yetu, ni babu.

Kilichonipeleka kwake, nikiri, ni kuchoka. Tulikuwa na klasi 41 za data, na kila moja ilikuwa na methodi yake ya kulinganisha hali ya zamani na hali mpya, ili mtu akibadilisha taarifa za mteja logi iandike nani kabadilisha nini. Zote zimeandikwa kwa mkono. Mtu akiongeza sifa mpya anasahau kuigusa ile methodi ya kulinganisha, na kompaila, ile programu inayotafsiri msimbo, haimwambii kitu. Siku moja tukagundua barua pepe za wateja zimekuwa zikibadilishwa kwa miezi bila logi kusema lolote. Aliyeongeza sifa ya barua pepe alishaondoka kazini, na hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na mahali pa pili pa kuiandika.

Nikafuta zile methodi zote, nikaweka kitu cha namna hii:

BeanInfo habari = Introspector.getBeanInfo(Mteja.class, Object.class);
for (PropertyDescriptor sifa : habari.getPropertyDescriptors()) {
    Method geta = sifa.getReadMethod();
    if (geta == null) continue;
    System.out.println(sifa.getName() + ": " + geta.invoke(mteja));
}

Hapo inachapisha tu, lakini kulinganisha ni hivyohivyo: unaita geta moja kwenye objekti mbili, unatazama kama majibu yanafanana. Klasi zote 41 zikapita mlango mmoja. Ukiongeza sifa leo, kesho imo kwenye logi bila mtu kukumbuka chochote. Wiki ya kwanza nilitembea kifua mbele.

Angalia lile neno Object.class mwishoni mwa mstari wa kwanza. Mimi mara ya kwanza sikuliweka, na kila rekodi ikaja na sifa moja ya ziada iitwayo "class". Sababu ni kwamba kila objekti ya Java imerithi methodi ya getClass(), na kwa Introspector hiyo ni geta kama geta nyingine. Ukimpa Object.class kama kituo, anaipekua familia yote ya klasi lakini anaishia kabla ya kumfikia babu wa wote. Kwangu ilikuwa uchafu tu kwenye logi. Kwa wengine yameshakuwa makubwa. Mwaka 2014 Struts 1, fremu ya programu za wavuti, ilipata tundu la usalama, lililosajiliwa kama CVE-2014-0114, kwa sababu maktaba ya Commons BeanUtils iliyokuwa inajaza objekti kutoka kwenye fomu za wavuti iliruhusu mtumaji wa fomu aandike jina la sifa linaloanza na "class" na kupenya hadi kwenye kipakiaji cha klasi (classLoader). Mwaka 2022 Spring, fremu nyingine, nayo ikapatwa, CVE-2022-22965. Walikuwa wameshaziba njia ya class.classLoader zamani, lakini Java 9 iliongeza getModule() kwenye klasi ya Class, ikafunguka njia mpya ya kuzunguka: class.module.classLoader. Geta moja tu imeongezwa kwa nia njema kwenye Java, na kwa wanaopekua geta ikawa mlango. Kwa hiyo kama majina ya sifa unayapokea kutoka kwa mtu wa nje, usimwachie Introspector aamue nini kiguswe. Andika mwenyewe orodha ya zinazoruhusiwa.

Sasa nije kwenye tabia yake, maana hapa ndipo utakapoamua kama mnaelewana.

Watu wengi wanadhani Introspector anajua sifa za objekti. Hajui. Java haina kitu kiitwacho sifa. Ina fildi (mahali pa kutunzia data) na ina methodi, basi. Kwenye lugha ya C# ni tofauti: sifa imo ndani ya lugha, kompaila anaiandika kwenye taarifa za klasi, na ukiita GetProperties() unasomewa kilichoandikwa. Introspector hana cha kusomewa. Anachofanya ni kupita kwenye methodi za wazi moja baada ya nyingine akisikiliza jina linaanzaje. Na maneno anayoyajua ni matatu: get, set na is. Mwili wa methodi hautazami. Fildi zako za siri hazimhusu hata kidogo. Unaweza kuwa na getUmri() isiyo na fildi yoyote nyuma yake, inakokotoa kutoka tarehe ya kuzaliwa, naye ataandika "umri" bila wasiwasi. Hilo la mwisho nalipenda sana. Ndiyo maana namchagua yeye badala ya kuchungulia fildi kwa nguvu kwa setAccessible. Geta ni ahadi ambayo mwenye klasi ameitoa hadharani. Fildi ni chumba chake cha ndani.

Lakini kusikiliza mwanzo wa jina kuna vituko vyake, hasa kwa sisi tunaoandika msimbo kwa Kiswahili. Mwenzangu mmoja alikuwa na methodi ya kuangalia kama taa ya onyo inawaka:

public boolean ishara()

Haina uhusiano wowote na geta. Lakini inaanza na "is", inarudisha boolean (jibu la kweli au si kweli), haichukui kitu. Introspector akakata herufi mbili za mwanzo, na asubuhi yake kwenye logi kukawa na sifa mpya iitwayo "hara". Tulicheka mpaka machozi. Hahitaji herufi kubwa baada ya lile neno lake, ndiyo siri. Ukiwa na methodi isha() ya boolean, utapata sifa "ha". Ukiandika getini() inayorudisha chochote, utapata "ini". Sijui waliotunga kanuni zile walifikiria lugha ngapi, ila kwa hakika hii yetu haikuwemo.

Kinyume chake pia kipo: sifa halali anazozikosa. Hizi hazichekeshi, kwa sababu kitu kisichoonekana hakimshtui mtu. Boolean kubwa, ile ya objekti, ukiiandikia isHai(), haioni kabisa. "Is" kwake ni ya boolean ndogo tu, na ile kubwa inataka getHai(). Seta inayorudisha this (objekti yenyewe), ile ya kuunganisha wito mmoja baada ya mwingine, haihesabu kuwa seta, kwa sababu kwake seta lazima irudishe void, yaani isirudishe kitu. Tulikuwa na klasi sita za namna hiyo. Kusoma zilikuwa zinasomeka vizuri, ila siku tulipotaka kurudisha hali ya zamani kutoka kwenye logi, getWriteMethod() ilirudisha null (hakuna kitu) kwa kila sifa, na kimya kikatawala. Hakuna onyo wala hitilafu. Sifa imegeuka kuwa ya kusomwa tu. Upande wa pili, setNywila() isiyo na geta inakuja na getReadMethod() tupu, ndiyo maana ule mstari wa kuangalia null kwenye mfano wangu usiufute hata kama klasi zako za leo hazina kesi hiyo.

Na herufi kubwa. getJina() inatoa "jina", sawa. getURL() inatoa "URL", si "uRL" wala "url", kwa sababu kanuni inasema herufi mbili za mwanzo zikiwa kubwa zote, jina liachwe lilivyo. Ni kanuni ya busara ukiifikiria. Tatizo ni kwamba si kila mtu anaifuata. Jackson, maktaba tunayemtumia kutengeneza JSON (maandishi ya kubebea data), kwa mipangilio yake ya kawaida anazishusha zote na kuandika "url". Kwa hiyo logi yetu ilisema URL, JSON ikasema url, na mtu wa upande wa skrini akaja kuniuliza kama hizi ni sifa mbili. Nilimweleza kwa dakika ishirini. Alinisikiliza kwa heshima na nina hakika hakuniamini.

Haya yote ni madogo. Sasa nisimulie lile la usiku.

Kuna objekti moja kwenye mfumo wetu inayotunza nambari za risiti. Risiti zikaanza kuruka: 1041, ikafuata 1044, ikafuata 1047. Wahasibu, kama unavyowajua wahasibu, hawalali risiti zikiruka. Tukatazama hifadhidata, haikuwa na kosa. Tukadhani kuna risiti zinafutwa, hakuna. Mtu akashuku nyuzi mbili (kazi zinazoendeshwa sambamba) zinagombea nambari kwa wakati mmoja, tukatumia saa tatu kuweka kufuli mahali pasipohitaji kufuli. Risiti zikaendelea kuruka, tena kwa mpangilio uleule, tatu tatu, kwa adabu kabisa. Mpangilio ule ungetuambia mapema kwamba si ugomvi wa nyuzi, maana nyuzi zikigombana hazina mpangilio.

Saa saba usiku nikaamua kuweka mstari mmoja ndani ya methodi ya kutoa nambari, unaochapisha nani kaiita. Ikaja orodha ya waitaji, na katikati yake, Method.invoke. Chini ya hapo kidogo, jina la klasi yangu mwenyewe ya logi.

Methodi ilikuwa inaitwa getNambariIjayo(). Ilikuwa inaongeza moja kila inapoitwa. Aliyeiandika miaka ile hakuwa na kosa, ilikuwa inaitwa mahali pamoja tu na kila mtu alijua inafanya nini. Kisha nikaja mimi na Introspector, tukapita tukigonga kila mlango ulioandikwa "get". Mara moja kabla ya badiliko ili kupata hali ya zamani, mara moja baada ya badiliko ili kupata hali mpya, na katikati yake risiti yenyewe. Tatu. Na ushahidi ulikuwa kwenye logi muda wote: nambariIjayo, kutoka 1040 hadi 1042. Inayofuata, kutoka 1043 hadi 1045. Niliusoma mstari ule labda mara kumi jioni ile na haukunishtua, kwa kuwa nambari ya risiti si inatakiwa ibadilike?

Hapo ndipo nilipotukana. Halafu nikanyamaza, kwa sababu Introspector hajaahidi popote kwamba geta ni salama kuguswa. Mimi ndiye niliyejiahidi. Tukaibadili jina ikawa chukuaNambari(), na kwa kuwa "chukua" si neno lake, tangu usiku ule hajaiona tena. Risiti zikarudi kwenye mstari, moja moja. Baadaye niliongeza anotesheni (alama inayowekwa juu ya methodi) yetu wenyewe, @Puuza, kwa geta ambazo hatuwezi kuzibadili jina, hasa zile zinazoamsha hifadhidata: unasoma sifa moja ya mteja, kumbe umepakia oda zake zote kwa sababu orodha ilikuwa inasubiri kuguswa ndipo ijazwe. Ukisomesha geta zote kwa lupu, kila iliyokuwa imelala itaamka.

Jambo jingine ambalo anayeanza atakutana nalo: geta ikitupa hitilafu, huipati hitilafu yenyewe. Unapata InvocationTargetException, na ukiuliza ujumbe wake, unajibiwa null. Habari imo ndani, kwenye getCause(). Nimeshaona logi zilizojaa neno null mstari baada ya mstari kwa sababu mtu alichapisha getMessage() akaenda zake nyumbani.

Kuna watakaosema, kwa nini usipite mwenyewe kwenye getMethods() ukakata majina kwa mkono, lupu ya mistari kumi? Nilijaribu. Kwanza, orodha ile haina mpangilio wowote ulioahidiwa. Maelezo rasmi ya Java yanasema hivyo waziwazi, kwa hiyo logi ya leo na ya kesho zinaweza kupanga sifa tofauti. Introspector huwa ananipa kwa alfabeti. Pili, ukiwa na klasi mama yenye aina ya jumla na mtoto anayerudisha Long, utaona getId() mbili: moja yako, nyingine ya daraja ambayo kompaila ameitengeneza kimyakimya ili mambo yaoane. Lazima uulize isBridge() na kuitupa. Introspector kayamaliza hayo zamani. Lupu yangu ya mistari kumi ilifika mistari tisini kabla sijaitupa.

Kasi? Kupekua klasi mara ya kwanza ndiko kuna uzito, lakini majibu anayahifadhi kwenye kashe, na kuita geta kupitia Method hakujawahi kuwa tatizo letu. Kashe hiyo ina upande wake mbaya kwenye seva zinazopakia na kupakua programu bila kuzimwa: inaweza kushikilia klasi za programu iliyokwisha kuondolewa. Ipo flushCaches() kwa ajili hiyo. Sisi tunazima seva na kuiwasha, hatujaihitaji.

Malalamiko yangu mawili ya mwisho ni ya uzee. Moja, tangu Java 9 igawanywe kwa moduli, java.beans imewekwa ndani ya java.desktop, pamoja na Swing na AWT. Ukitaka kujua sifa za objekti kwenye seva isiyo na skrini, unaburuta moduli yenye vitufe na madirisha. Inaeleweka kihistoria, maana JavaBeans zilibuniwa kwa ajili ya zana za kuburuta vitufe na kuvipanga kwa kipanya, ila kwa anayetaka kupunguza ukubwa wa programu inakera.

Pili, rekodi, yaani klasi fupi za kubebea data tu. Zilikamilishwa kwenye Java 16, mwaka 2021, na methodi zake za kusomea hazina "get". Sifa ni jina, methodi ni jina(). Mpe Introspector rekodi yenye sifa nane na Object.class kama kituo, atakurudishia orodha tupu na uso mkavu. Kwa rekodi tumia getRecordComponents(), kisha getAccessor() kwa kila moja. Na hapo, kwa mara ya kwanza kwenye Java, husikilizi majina, unasomewa kilichotangazwa. Nilipoitumia mara ya kwanza nilihisi kama mtu aliyezoea kubahatisha njia gizani, akawashiwa taa. Klasi zetu mpya zote ni rekodi sasa. Zimefika tisa.

Nampa nyota tatu na nusu kati ya tano. Kama una klasi nyingi za zamani zenye geta na seta za kawaida, na unataka logi, fomu au nakala ya data bila kuandika kila kitu kwa mkono, mchukue, ila zipitie kwanza geta zako zote kwa macho. Sisi tungefanya hivyo, tungeiona getNambariIjayo() kwa dakika kumi. Kama unaanza mradi mpya leo, anza na rekodi, humhitaji.

Ile ishara() bado ipo, lakini. Mwenye klasi amekataa katakata kuibadili jina, anasema jina lake ni Kiswahili sanifu na fundi ndiye ajifunze. Nimemwambia aweke @Puuza, anasema atafanya wiki ijayo. Kwa hiyo mpaka leo, taa ya onyo ikiwaka, logi yetu inaandika: hara, kutoka false hadi true.